Anayeamua Kama Kifaa Kitavaliwa ni Soksi

Fundi cherehani anayekwenda kupima nguo majumbani huona vitu ambavyo mgeni wa sebuleni haonyeshwi. Juu ya makabati ya Ngamiani na Makorora, hapa Tanga, kuna masanduku ya harusi, kuna feni mbovu, na mara nyingi kuliko unavyodhani kuna kifaa cha kushikilia mguu dhaifu. Plastiki nyeupe, mikanda bado mipya, vumbi juu yake. Ukiuliza unaambiwa "kinamuumiza", mazungumzo yameisha. Vipimo vilichukuliwa, plasta ikafungwa, picha ikapigwa siku ya makabidhiano, na mwenye mguu akarudi kuuburuta vilevile.

Mimi huuliza swali la pili, na watu hunishangaa: alikuwa anakivalia soksi gani?

Majibu hayapishani sana. Hakuvaa soksi kwa sababu ya joto. Alivaa za shule za mjukuu wake. Alivaa za mpira wa miguu, zikambana. Basi nimefika mahali sioni haya kusema kwamba vifaa vingi vilivyolala makabatini havina kosa kubwa. Kosa liko kwenye kile kitambaa chembamba kinachokaa kati ya plastiki na ngozi, ambacho hakuna mtu anayekupa, anayekupimia, wala anayekueleza. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele. Vifaa vya kushikilia miguu vimo, viatu vya tiba vimo, vifaa vya watoto wenye miguu kifundo, yaani waliozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani, vimo. Soksi haimo. Sisemi walikosea, orodha lazima iwe na mwisho. Nasema tu kwamba anayevaa kifaa anajua kitu gani kimeachwa nje.

Kwa wasionijua: mguu wangu wa kushoto ulilala nikiwa mtoto, baada ya sindano ya kwinini. Miaka ile malaria kali ilitibiwa hivyo, na sindano ya tako ikichomwa pasipo mahali pake humgusa mtu mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Unyayo ukawa haunyanyuki. Nikitembea bila kifaa, vidole vinakwangua chini na goti linapanda juu kufidia. Wa rika langu ninaokutana nao wengi ni wa polio, na hao wanakwisha kwa jinsi ninavyopenda waishe: Afrika ilithibitishwa kuwa huru na virusi vya polio vya asili mwezi Agosti 2020. Wateja wapya wa vifaa siku hizi ni wa kiharusi, wa kisukari, wa ajali za bodaboda, na watoto wenye mtindio wa ubongo. Kifaa changu ni kile cha kawaida, kinaanza unyayoni, kinapanda nyuma ya kisigino na kuishia chini kidogo ya goti, mkanda mmoja juu, mmoja kwenye kifundo.

Tuanze na jasho, maana pwani ndilo adui.

Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, mtu wa Tanga anatoka jasho akiwa amekaa barazani bila kazi yoyote. Sasa uchukue mguu, uuvishe plastiki isiyopitisha hewa, uufunge mikanda, halafu uutembeze hadi soko la Mgandini na kurudi. Polipropilini, ambayo ndiyo plastiki ya vifaa hivi, hainywi maji hata kidogo. Jasho lote linabaki ngozi na soksi wagawane.

Kila mtu atakushauri pamba. Watu wa hospitali, majirani, mwenye duka. Pamba ni nzuri mpaka saa nne asubuhi. Inalinyonya jasho vizuri sana, kisha inakaa nalo. Soksi ya pamba tupu ikilowa inakuwa nzito, inashuka, inajikunja pale kifundoni. Ngozi nayo imelowa, imelainika, na ngozi iliyolainika ikisuguliwa na mkunjo wa kitambaa ndipo lengelenge linapoota. Ikifika adhuhuri mwenye kifaa anachechemea zaidi ya alivyochechemea alipokuwa hana. Nailoni tupu ina kesi yake pia: haishiki jasho na inakauka upesi, lakini zile nyembamba zinateleza ndani ya plastiki, na zikikaa kutwa zinanuka mpaka unajikwepa mwenyewe.

Kinachofaa kwa hali yetu ni mchanganyiko. Pamba nusu au zaidi kidogo, nailoni au poliesta ya kuifanya ikauke na kudumu, na uzi wa kuvutika asilimia mbili tatu, ule unaoandikwa elastini au spandeksi au Lycra kwenye lebo. Uzi huo aliuvumbua Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1958, na mimi namwombea dua kila ninapovuta soksi ikapanda na kubaki palepale. Na iwe nyembamba. Watu hufikiri soksi nene ni mto, itawakinga. Kifaa kilifinyangwa kwa umbo la mguu wako, ukiongeza unene ndani unakuwa umevaa kifaa cha mtu mwingine mwenye mguu mwembamba kuliko wako. Kinabana kwenye jicho la mguu, kisigino hakiketi, na mkanda hauwezi kufika shimo lake la siku zote.

Halafu badilisha mchana. Hili ndilo jambo dogo lililonisaidia kuliko krimu zote nilizoletewa. Soksi kavu kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mkoba, baada ya adhuhuri unavua, unaipangusa ngozi na ndani ya kifaa, unavaa kavu. Ukikosa muda wa kubadilisha soksi, basi hata kuvua kwa dakika chache miguu ipate upepo ni bora kuliko kukaa nayo.

Poda kidogo sana haina neno, lakini wengi wetu tunajimwagia. Poda ikikutana na jasho hugandamana, ikawa chembechembe zinazosaga ngozi. Na mafuta ya nazi ni ya usiku. Najua mama alikulea kwa kupaka miguu mafuta baada ya kuoga, hata mimi. Lakini ukipaka asubuhi na kuvaa kifaa juu yake umeilainisha ngozi kwa makusudi na soksi itacheza kutwa. Harara ikikutoka, usiikune na usiifunike na soksi iliyolowa, ndiyo inavyogeuka kidonda.

Sasa mshono. Hapa mnivumilie, ndipo penye kazi yangu.

Mashine ya kwanza ya kufuma soksi ilibuniwa na Mwingereza William Lee mwaka 1589. Ilitoa kitambaa bapa, ambacho kilishonwa nyuma ndipo kikawa soksi. Siku hizi viwanda vinafuma bomba zima: mashine inazunguka, inashuka shavu la mguu, inageuza kisigino, inafika vidoleni na kuacha mdomo wazi. Mdomo huo unazibwa mwishoni kabisa. Kwa hiyo mshono haukuondoka, ulihama tu, ukatoka nyuma ya mguu ukaenda kukaa juu ya vidole kuanzia kidole gumba hadi kile cha mwisho.

Mtu mwenye kiatu cha kawaida hana habari nao, vidole vyake vinajisogeza. Ndani ya kifaa unyayo umefungwa, hauna pa kukimbilia. Vidole vya mguu uliopooza mara nyingi vimejikunja, na kila hatua inasukuma vidole mbele kukutana na uzi uleule, mahali palepale. Mwenye hisia atalalamika. Mwenye kisukari, au mwenye mshipa uliokufa, hatalalamika. Atakuja kuona doa kwenye soksi jioni.

Dawa yake haina gharama: igeuze soksi nje ndani, mshono ukae nje. Haipendezi, nyuzi zinaonekana, watoto watakwambia umevaa kinyume. Kiwanda kiliuficha mshono ndani ili wewe mnunuzi uone uso mzuri dukani, vidole havikuulizwa. Kama soksi ina maua au maandishi, upande wa nyuma huwa na nyuzi ndefu zinazoning'inia, na hizo zinanasa kucha. Soksi za kifaa ziwe za rangi moja.

Tukienda Tangamano kwenye mitumba, hivi ndivyo ninavyochagua. Soksi zimemwagwa kwenye turubai, unachuchumaa kama magoti yanakuruhusu, mimi huketi kwenye ndoo ya muuzaji. Naingiza mkono mzima mpaka kwenye kiwiko, natanua vidole. Kwanza naangalia upana wa shavu: soksi ikitanuka kwa raha bila kuonyesha mwanga katikati ya nyuzi, itanitosha. Navuta ule mdomo wa juu, naushikilia kidogo, naachia. Ukirudi kwa uvivu, lastiki imekwisha, hiyo itakuwa kifundoni kabla sijafika Chumbageni. Napitisha kucha ya kidole gumba juu ya mshono wa vidole. Kucha ikikwama, kidole kitakwama. Mwisho naigeuza na kupapasa kisigino kwa ndani, kutafuta vile vinundu vya uzi vinavyotokana na kufuliwa sana. Vikiwapo naiweka chini hata kama ni mpya kwa nje.

Kwenye mitumba sisi wenye mguu mmoja wa kifaa tuna bahati ambayo wengine hawana. Kuna rundo pembeni la soksi zilizopoteza wenzake, na bei yake ni ya kutupa.

"Shangazi, hizo hazina pea," kijana aliniambia, akiniona nazichambua.

"Sitaki pea, mwanangu. Nina mguu mmoja tu wa kuuvalia."

Alinitazama, akatazama chini, akaona. Akaanza kunichagulia mwenyewe, na kila Jumamosi tangu hapo huniwekea ndefu. Mguu wangu wenye kifaa ni mdogo kuliko mwenzake, unyayo mfupi na shavu jembamba, kama ilivyo kwa wengi walioupata udhaifu utotoni. Pea ya dukani inadhani miguu yako ni sawa. Soksi inayoenea mguu wa kulia itakuwa na kitambaa cha ziada kwenye kushoto, na kitambaa cha ziada kina sehemu moja tu ya kwenda, kwenye mkunjo. Wanaonunua dukani nawashauri wachukue saizi mbili, ile ya pili ya watoto wakubwa ikibidi.

Urefu: soksi ipite ukingo wa juu wa kifaa kwa vidole vinne hivi, ili ikunjwe nje na kufunika ukingo. Ukingo huo ndio unaokata nyuma ya goti ukikaa kwenye kigoda au kwenye bajaji. Soksi fupi inayoishia katikati ya shavu ni mbaya kuliko kutovaa, kwa sababu pale inapoishia panaacha mstari, na mstari huo umebanwa na plastiki.

Wengi hukimbilia soksi za mpira wa miguu kwa sababu ya urefu. Urefu ni sawa, tatizo ni ule ukanda wa juu, umekazwa kumkalia mchezaji dakika tisini za kukimbia. Ukiuvaa kutwa unaacha alama ya kamba. Mwenye miguu inayovimba jioni, au mwenye kisukari, asiuvae kabisa. Mimi naukata ule ukanda, nafunga ukingo kwa mshono wa zigizaga pana, uzi umelegezwa, na hapo soksi inakuwa kitu kingine.

Lakini soksi ninayoipenda kuliko zote haikuzaliwa soksi. Ni mkono wa tisheti.

Chukua tisheti ya kike ya mikono mirefu, ile ya kubana, ya pamba yenye kuvutika. Mitumbani zimejaa, na yenye doa kifuani au iliyotoboka tumboni haina mnunuzi. Mkono wake ni bomba lililokwisha kukatwa vizuri, jembamba kwenye kifundo cha mkono, pana begani. Umbo la mguu kutoka kifundoni hadi gotini ni hilohilo. Una mshono mmoja tu. Ukate begani, ugeuze mshono ukae nje, uvae pana juu nyembamba chini, na mshono uuzungushe mpaka ukae kwenye nyama ya nje ya shavu. Usikae juu ya muundi mbele, usipite kwenye jicho la mguu, usikae nyuma kwenye mshipa wa kisigino. Hizo sehemu tatu hazina nyama ya kuuhimili.

Mwenye vidole vinavyoumia sana aache mwisho wazi, vidole vitoke nje. Ukingo wa jezi, yaani kitambaa cha tisheti, ukikatwa hujikunja wenyewe, kwa hiyo nao uufunge kwa zigizaga nyepesi, sindano ya kitambaa cha kuvutika, usivute kitambaa unaposhona maana kitatoka na mawimbi. Anayetaka kuziba vidole, kata nyuma na mbele zikutane ukingo kwa ukingo, zisipandane, kisha zigizaga ipite katikati zishikamane bapa. Ovaloki, ile mashine ya kufunga ukingo kwa nyuzi nyingi, usitumie hapa. Ovaloki ni nzuri kwa ubavu wa gauni, lakini inajenga ukuta, na ukuta ndio tuliokuwa tunaukimbia. Ukilala mshono juu ya vidole, nyuma kidogo ya kucha, hautagusa ncha.

Ukikata kutoka tisheti pana badala ya mkono, kumbuka jezi inavutika zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Upana wa kitambaa ndio uzunguke mguu. Fundi mchanga mmoja alimkatia babu yake kwa urefu ili kuokoa kitambaa, mzee akashindwa hata kupitisha kisigino.

Kuna jambo ambalo maelekezo mengi yanayotoka nje hayaligusi. Sisi viatu vinabaki mlangoni. Ukienda msibani, shughulini, kumjulia hali mgonjwa, unavua. Mwenye kifaa anafanyaje? Akikivua, hawezi kuvuka ukumbi bila kushika ukuta. Akibaki nacho, plastiki kwenye vigae inateleza, na wengine tumewahi kuketi mkekani kabla hatujakusudia. Wapo wanaoacha kwenda kabisa, na watu wanadhani wana maringo.

Suluhisho ni soksi ya pili, ya juu ya kifaa. Kubwa, ya kutanuka, yenye nukta za mpira chini. Mitumbani zinapatikana, za wagonjwa au za watoto wa michezo. Usipozipata, Tanga ni mji wa baiskeli, na mpira wa ndani wa baiskeli uliochoka hautakosekana kwa fundi yeyote wa pancha. Kata kipande cha kisigino na kipande cha mbele, kishone kwenye soksi pana ya mpira wa miguu kwa sindano ya ngozi, uzi wa nailoni. Kinashika kwenye vigae na kwenye saruji iliyopigwa rangi. Inawekwa kwenye mkoba, inavaliwa mlangoni, mwenyeji hana la kusema kwa sababu haijakanyaga barabarani. Angalizo moja: kifaa hutegwa pembe yake kwa kufuata kisigino cha kiatu. Bila kiatu goti linasukumwa nyuma, kwa hiyo soksi hii ni ya kuvuka ukumbi na kuketi, si ya kufagia nayo uwanja.

Na udhu. Mara tano kwa siku mwenye kifaa anafungua mikanda, anavua soksi, anaosha, kisha ana haraka ya kuwahi swala ya jamaa, anavaa soksi juu ya mguu unaochuruzika. Nimeona malengelenge ya katikati ya vidole yaliyoanzia hapo tu, wala si kwenye kifaa. Mimi nina kipande cha kanga kuukuu kinachokaa pamoja na mswala, kazi yake ni kukausha katikati ya vidole. Wenye shida zaidi wamuulize shehe wao kuhusu kupaka maji juu ya khofu, yaani soksi za ngozi, badala ya kuosha miguu. Aliye mjini kwake ana ruhusa ya mchana na usiku wake, msafiri siku tatu, kwa masharti yake. Kwa soksi za kitambaa chembamba wanavyuoni wamehitilafiana, na kwetu wengi tu Shafii, sharti ni zito zaidi. Simpi mtu fatwa. Nasema tu usikubali kuvaa soksi juu ya maji.

Rangi. Wanawake wengi huniomba nyeusi, ipotee chini ya buibui, na siwalaumu. Franklin Roosevelt, aliyepata ugonjwa wa kupooza mwaka 1921 kisha akaiongoza Marekani kuanzia 1933, alipakisha vyuma vyake rangi nyeusi ili visitofautiane na soksi na viatu vyake. Kama rais alijificha, sisi tuna kosa gani? Lakini kwa asiyekuwa na hisia mguuni, soksi ya ndani iwe nyeupe au ya rangi ya maziwa. Nyeusi haionyeshi damu wala majimaji. Vaa nyeupe ndani, nyeusi juu ya kifaa ukitaka, kila moja na kazi yake.

Ukivua jioni, itazame ngozi. Maandishi mengi yanasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani hivyo. Tafuta mahali palipokuwa peusi zaidi ya jirani yake, au pa zambarau, pabonyeze, pashike kwa mgongo wa mkono uone kama pana joto au pamekuwa pagumu. Chini ya unyayo tumia kioo. Alama ikipotea ndani ya nusu saa, haina shida. Ikibaki, au ikirudi palepale kila siku hata baada ya kubadilisha soksi, hapo soksi imeshamaliza kazi yake na kifaa kirudi kwa aliyekitengeneza, akipashe moto na kukitanua. Msiniwekee maneno mdomoni kwamba soksi inatibu kila kitu. Kuna mama niliyemkuta ameweka soksi tatu juu ya sehemu inayobanwa, na kila aliyoiongeza ilimbana zaidi.

Kuhusu watoto nitasema machache. Wenye miguu kifundo wanaotibiwa kwa njia ya Ponseti, wakishamaliza plasta huvaa viatu vilivyounganishwa na ufito saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na wakati wa kulala mchana mpaka miaka minne hivi. Mtoto akilia, mzazi anavua, na mguu unarudi ulikotoka. Kabla ya kuvua, itazame soksi: pamba nyembamba, mshono nje, haina mikunjo kisigino. Na walimu wa shule, soksi nyeupe ya sare yenye ukanda mkali si amri ya Mungu. Mruhusuni mtoto avae inayomfaa ndani na ya sare juu.

Marekani zipo soksi maalumu za vifaa, zisizo na mshono wowote. Zinaanzwa kufumwa kwenye ncha ya vidole na kupanda juu. Kampuni ya Knit-Rite ya Kansas, iliyoanza mwaka 1923, ni miongoni mwa wanaozitengeneza. Niliwahi kuletewa na ndugu aliyeko nje, na ni kweli hakuna unachohisi. Ukipata wa kukuletea, pokea. Lakini gharama ya kuzifikisha hapa inanunua mikono mingi ya tisheti, na soksi ya kifaa inataka kuwa nyingi kuliko inavyotaka kuwa bora, kwa sababu ya kufua kila siku. Masika, nguo zisipokauka, ndipo utaelewa.

La mwisho ni kwa anayekwenda kupimwa kifaa kipya, iwe Moshi, Dar es Salaam au popote. Fundi wa viungo akitaka kufunga plasta huuvisha mguu bomba jembamba la kitambaa kwanza, kisha ndipo bandeji za plasta. Mwonyeshe soksi utakayokuwa unavaa. Mwambie ni nyembamba au nene, mwambie unakaa pwani na unatoka jasho. Siku ya kujaribisha kifaa, nenda nayo umeivaa, na uende na kiatu chako. Chuo cha Moshi kimekuwa kikifundisha mafundi hawa tangu 1981 na ninaokutana nao ni wasikivu; nadhani tatizo letu wagonjwa ni kukaa kimya mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Kisha kifaa kikianza, anza na saa moja siku ya kwanza, vua, tazama, ongeza taratibu. Mgosi mmoja wa Pongwe alikivaa kutwa siku ileile aliyopewa ili asiwaudhi waliomchangia nauli. Wiki mbili hakukanyaga.

Wanaoniuliza kama nauza: siuzi soksi. Nashona. Lete tisheti yako ya mikono mirefu, iliyofuliwa, na lete kifaa chenyewe, siwezi kukadiria urefu kwa maneno. Mikono miwili ya tisheti inatoa soksi mbili za mguu mmoja, tumbo lake linatoa nyingine mbili kama huna mwili mkubwa sana. Ijumaa mchana nafunga. Na tafadhali msilete zile za poliesta tupu za kampeni. Zinang'aa vizuri lakini ndani ya plastiki mwezi wa Februari hazina huruma.